Inapiga stata, haiwaki: kisa cha Probox ya samaki jijini Mwanza

Kisa hiki kilipita gerejini kwetu Nyakato. Mwenye gari na dereva wake wamekubali kiandikwe, ila majina yao, namba za gari na gereji zilizotangulia tumeviacha. Nakiandika kwa ajili ya mafundi vijana na kwa matajiri wanaomiliki magari ya biashara, kwa sababu pande zote mbili zilichangia gari hili kulala siku nyingi kuliko ilivyostahili.

Gari na kazi yake

Ni Toyota Probox ya petroli, injini 1NZ-FE ya cc 1,496. Injini hii inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, na kila plagi ina koili yake juu yake. Pampu ya mafuta imo ndani ya tangi, na unaifikia kwa kufungua mfuniko ulioko sakafuni, sehemu ya nyuma ya gari. Ufunguo wake ni wa kawaida, hauna chipu, kwa hiyo suala la gari kuukataa ufunguo halikuwepo.

Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya samaki. Viti vya nyuma vilikunjwa zamani, na pale panapakiwa makreti ya sato na sangara wabichi katika barafu. Tangu daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari lilizidishiwa safari za Sengerema kwa kuwa foleni ya kivuko haipo tena. Katikati ya wiki, mzigo wa wabichi ukipungua, lilibeba pia kayabo, yaani sangara waliotiwa chumvi, kwenda kuunganishwa na mzigo wa wafanyabiashara wanaopeleka Kongo.

Hapo kwenye kayabo msomaji apatilie maanani. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na mafundi wengi wa huku hawana mazoea ya kutafuta kutu ya chumvi kwenye gari kama wenzetu wa Tanga au Dar es Salaam. Lakini chumvi inaweza kuja na mzigo.

Lilivyoanza kugoma

Dereva anasema gari lilianza kwa kuchelewa kuwaka asubuhi. Unapiga stata, injini inazunguka vizuri, haishiki. Unarudia mara ya pili au ya tatu, linawaka. Likishawaka linakimbia, ila kwenye mlima likiwa na mzigo linapwaya kidogo, kama halishibi. Yeye alidhani ni mafuta machafu, akabadilisha sheli. Hali ikabaki vilevile.

Kisha alfajiri moja, kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, gari likiwa limeshapakiwa, likagoma kabisa. Betri nzima, stata inapiga kwa nguvu, taa za dashibodi zote ziko sawa. Dereva akampigia mwenye gari: “Mama, gari inapiga stata tu, haitaki kuwaka, na barafu inayeyuka.” Mzigo ukahamishiwa kwenye gari la kukodi, na fundi aliyekuwa karibu akaitwa.

Fundi wa kwanza: plagi

Fundi huyu alifungua boneti, akatoa koili, akachomoa plagi zote nne. Alichokifanya kilikuwa sahihi kabisa. Tatizo lilikuja katika kusoma alichokishika mkononi.

Dereva alituhifadhia zile plagi kwenye mfuko wa plastiki, na tulipozitazama tuliona ncha za rangi ya kijivu inayoelekea kahawia. Ni rangi ya plagi inayofanya kazi vizuri. Zilichakaa kiasi, lakini hazikuwa na masizi wala oili. Nikamuuliza dereva swali moja: zilipotolewa pale Mwaloni zilikuwa zimelowa? Akajibu bila kusita kwamba zilikuwa kavu, hata harufu ya petroli haikuwepo, na fundi mwenyewe alisema, “Hizi zimekauka, zimekufa.”

Injini iliyopigiwa stata mara nyingi bila kuwaka, kama nozeli zinamwaga mafuta, plagi zake hulowa na kunuka petroli. Plagi kavu baada ya stata ndefu zinakuambia kwamba mafuta hayafiki kwenye silinda. Jibu la nusu ya kisa hiki lilikuwa mkononi mwa fundi pale ufukweni, jua halijachomoza. Zikanunuliwa plagi mpya, gari halikuwaka.

Fundi wa pili: pampu

Gari likavutwa kwa kamba hadi gereji nyingine. Fundi wa pili alianza vizuri zaidi. Alipulizia spreyi ya kusafishia kabureta, ambayo huwaka kama petroli, kidogo kwenye mdomo wa hewa, dereva akapiga stata, injini ikashika sekunde moja mbili ikazima. Kwa jaribio hilo moja alikuwa ameondoa mengi: moto wa plagi upo, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipo, taimingi haijaruka. Kinachokosekana ni mafuta.

Akafungua swichi bila kupiga stata, akatega sikio nyuma ya gari. Kimya. Hapa kuna mtego ambao umewala wengi. Kuna magari ambayo ukifungua swichi tu, pampu inalia sekunde mbili hivi kujenga presha. Toyota nyingi za rika hili hazifanyi hivyo: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haiamrishi rilei (swichi ya umeme) ya pampu mpaka ione krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka. Ukimya wa pampu swichi ikiwa wazi, kwa gari kama hili, hauthibitishi lolote.

Baadaye alifungua mfuniko wa sakafuni, akachomoa soketi ya pampu, akachukua testa ya balbu. Klipu ya testa akaibana kwenye chuma cha bodi, ncha akaichomeka kwenye waya wa chanya wa pampu, dereva akapiga stata. Balbu ikawaka. Hitimisho lake: umeme unafika, pampu haizunguki, pampu imekufa. Ikanunuliwa pampu ya mtumba, ikafungwa, na gari likawaka kwa stata ya kwanza. Kila mtu alifurahi, na kwa kweli ushahidi ulionekana umekamilika.

Gari likafanya kazi siku chache. Baada ya safari ya kayabo, likagoma tena vilevile.

Fundi akapendekeza kwamba pampu ya mtumba nayo ilikuwa mbovu, inunuliwe mpya kabisa. Mama akakataa. Kwa plagi, pampu, kuvutwa na ufundi alikuwa ameshatoa zaidi ya laki mbili, na fedha ya kukodi gari la samaki ilizidi hapo. Ndipo gari likaletwa Nyakato.

Tulichoamua kwanza, na kwa nini

Tulimwambia mwenye gari kwamba hatutanunua spea yoyote kabla ya kupima, na kwamba upimaji una gharama yake hata kama mwishoni hakuna kitakachobadilishwa. Alisita, akakubali. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu nadhani ndilo kiini cha kisa chote.

Tukaanza na betri. Ikiwa imetulia ilisoma volti 12.4, na wakati wa stata ilishuka hadi 10.3. Hiyo inatosha. Betri ikishuka chini sana wakati wa stata, injini inaweza kuzunguka huku kontroli boksi ikikosa nguvu, ukatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kisha mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya gari. Haikuonyesha kosa lolote, na wengi wakifika hapo huizima. Sisi tulifungua data za moja kwa moja na kutazama mzunguko wa injini dereva akipiga stata: ulisoma kama 220 kwa dakika. Kama sensa ya krenki ingekuwa imekufa tungeona sifuri, na gari lingekosa moto na mafuta kwa pamoja. Spreyi ilishaonyesha kwamba moto upo, kwa hiyo mambo mawili yalishuhudiana.

Tukaunga geji kwenye bomba la mafuta. Injini hii inataka juu kidogo ya baa 3. Tulipata baa moja hivi. Pampu ilikuwa inazunguka, lakini kwa udhaifu. Hapo ndipo pa kujiuliza: pampu yenyewe ndiyo dhaifu, au inalishwa umeme hafifu?

Tahadhari moja kabla ya kuendelea, na nawaomba vijana waizingatie kwa dhati. Kazi yote hii ilifanyika uani, milango na buti vikiwa wazi, mtungi wa kuzimia moto pembeni, na jiko la mama lishe jirani likiwa limesogezwa mbali. Kufungua bomba la petroli au mfuniko wa tangi ndani ya banda lisilo na hewa, mtu akivuta sigara hatua tatu kutoka hapo, ni kuhatarisha maisha ya watu. Spreyi nayo ipuliziwe kidogo sana, uso ukiwa mbali na mdomo wa hewa.

Kipimo kilichotoa jibu

Ili tusiumize stata na betri, tulichomoa rilei ya pampu na kuunganisha matundu yake mawili kwa waya wenye fyuzi, pampu ikazunguka bila injini kuzunguka. Soketi ya pampu tuliiacha ikiwa imechomekwa. Hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote: unapima mzigo wa umeme, yaani pampu, ukiwa unafanya kazi, ukiingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi.

Betri ilisoma volti 12.2. Kati ya nyaya mbili za pampu tulipata volti 5.1 tu. Volti saba zimekwenda wapi?

Tukaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya wa pampu: 0.3. Upande huo ni mzima. Tukaweka ncha moja kwenye waya wa ethi wa pampu, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi, ambao kwenye Toyota kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi, na nyingine kwenye hasi ya betri: 6.8. Jumlisha: 0.3, 5.1 na 6.8 ni 12.2. Volti zote zimepatikana, na zaidi ya nusu zilikuwa zinapotelea kwenye ethi.

Tuliufuata ule waya chini ya zulia. Zulia lilikuwa na unyevu hata baada ya siku mbili za kupaki juani, na chini yake kulikuwa na utando mweupe wa chumvi. Kichwa cha waya kilichofungwa kwa bolti kwenye bodi kilikuwa kimegeuka kijani. Fundi mwenzangu alipoukunja waya kwa kidole, gamba lake likapasuka, na ndani shaba ilikuwa nyeusi, inapukutika kama majani ya chai. Nyuzi chache tu ndizo zilizobaki zimeshika.

Sasa kila kitu kikaeleweka. Fundi wa pili alipopima, klipu ya testa ilikuwa kwenye chuma kisafi cha bodi, kwa hiyo balbu yake haikupita kabisa kwenye ethi mbovu. Alipima nusu ya njia na kuamini nzima. Na alipofunga pampu ya pili, alinyanyua zulia na kuvutavuta nyaya. Kichwa kilichooza kikasugua chuma na kugusa vizuri kwa muda. Gari liliwaka kwa sababu waya ulitikiswa. Kayabo iliyofuata ikamalizia kilichobaki.

Matengenezo

Tulikata waya nyuma mpaka kwenye shaba inayong'aa, tukaunga kipande kipya na kichwa kipya, tukakwangua bodi mpaka chuma kitupu, tukafunga bolti, kisha ndipo tukapaka grisi juu yake. Mpangilio huo ni wa makusudi: kupaka kabla ya kufunga kunaweza kuacha utando kati ya kichwa cha waya na chuma. Sehemu ya kufungia tuliihamisha, tukaipandisha ubavuni mwa bodi ambako maji hayatuami.

Tukapima tena kwa njia ileile. Ethi: 0.1. Chanya: 0.6. Pampu: 11.5. Kijana mmoja anayejifunza kwetu aliuliza kwa nini upande wa chanya umepanda kutoka 0.3 hadi 0.6 wakati hatukuugusa. Swali zuri. Pampu sasa inavuta mkondo kamili, karibu mara mbili ya mwanzo, na waya uleule ukipitisha mkondo mara mbili hupoteza volti mara mbili. Presha ilipanda hadi baa 3.2, gari likawaka.

Pampu ya zamani, ambayo dereva alikuwa ameihifadhi, tuliiacha ikauke kabisa nje, halafu tukaizungusha kwa sekunde chache. Ilikuwa nzima. Tulijadili kuirudisha kwenye tangi, tukaamua hapana: ile ya mtumba ilikuwa inatoa presha inayotakiwa, na kufungua tangi lenye mafuta bila sababu ni kuongeza hatari. Mama akapewa pampu yake akaiweke stoo.

Matokeo

Gari limerudi kazini na halijagoma tena. Dereva anasema hata ule upwaya wa mlimani umekwisha, jambo linaloonyesha kwamba ugonjwa ulikuwepo muda mrefu kabla ya alfajiri ile ya Mwaloni. Chini ya makreti sasa kuna trei ya bati yenye kingo, na kayabo inapakiwa juu ya turubai. Zulia la nyuma liliondolewa moja kwa moja, kwa kuwa lilikuwa linatunza maji tu.

Uchambuzi

Sioni sababu ya kuwadharau mafundi wawili waliotangulia. Wa kwanza alichomoa plagi, wa pili alitumia spreyi, na hatua hizo mbili zilitosha kuelekeza kwenye mafuta ndani ya saa moja. Kilichokosekana kwa wa kwanza ni kuuliza plagi zinasema nini kabla ya kuzitupa. Kilichokosekana kwa wa pili ni kupima umeme ukiwa kazini. Soketi iliyochomolewa haina mzigo; waya ulioliwa na kutu hadi nyuzi mbili tatu utaonyesha volti kamili usipoubebesha kitu. Ubebeshe ampea nne au tano za pampu ndipo utakapouona ulivyo.

Lakini ukiniuliza kwa nini fundi mwenye uelewa ule aliruka kipimo, nitakuambia ni kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumlipa kwa ajili yake. Huku kwetu tajiri anaona spea, anaishika, analipa. Ukimwambia umetumia saa mbili unapima na umekuta waya, atauliza kwa nini unamtoza kwa waya. Basi fundi anajifunza kuishi kwa kufunga vitu, na kila kitu anachofunga kinakuwa jaribio kwa fedha ya mteja. Mama huyu alilipa plagi ambazo hakuzihitaji na pampu ambayo hakuihitaji, na kilichotibu gari lake kilikuwa kipande cha waya na kichwa chake. Gharama ya upimaji tuliyomtoza ilikuwa ndogo kuliko pampu ile ya mtumba. Nawasihi wenye magari wakubali jambo hili mapema: kulipia kujua ugonjwa ni rahisi kuliko kulipia kubahatisha.

Dereva alifanya kitu kimoja kilichookoa muda mwingi: alitunza kila spea iliyotolewa na alikumbuka mpangilio wa matukio, ikiwemo kwamba gari liligoma mara ya pili baada ya mzigo wa chumvi. Hakuna aliyemuuliza kabla, naye hakudhani kwamba ni jambo la kumwambia fundi. Dereva wa deiwaka aliyeshika gari siku mbili asingekuwa na habari hizo.

Magonjwa mengine yangeweza kuleta dalili hizihizi. Rilei ya pampu iliyoungua mdomo, fyuzi ya EFI iliyolegea, filta ya ndani ya tangi iliyoziba. Fyuzi ingejionyesha kwa volti kupotea upande wa chanya. Rilei, kwa kuwa tuliichomoa, ingejionyesha kwa pampu kupata nguvu zake zote mara waya unapochukua nafasi yake. Filta ingejionyesha kwa presha ndogo huku pampu ikipata volti zake zote. Kipimo ni kilekile, majibu ndiyo yanayotofautiana.

Kwa aliyekwama mwaloni bila mita, kuna jaribio moja la kuaminika. Chukua waya mrefu wa unene wa kutosha, ufunge kwenye hasi ya betri, na ncha ya pili iguse waya mweupe wenye mstari mweusi nyuma ya soketi ya pampu, soketi ikiwa imechomekwa. Fungua mfuniko wa sakafuni tu, tangi lenyewe lisifunguliwe, waya uunganishwe kwanza ndipo stata ipigwe, na usiuchomoe wakati pampu inazunguka. Gari likiwaka, usinunue pampu. Nyanyua zulia.